Chatboti Bila Lugha za Kompyuta: Kazi Imo Daftarini

Wasomaji wa ukurasa huu, hasa nyinyi vijana mlio likizoni na mnaosubiri kuitwa vyuoni, mmekuwa mkiuliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, mtu asiyejua hata neno moja la lugha za kompyuta anaweza kuunda chatboti yake mwenyewe? Jibu ni ndiyo. Tena si kazi ya mwezi mzima, ni ya alasiri moja. Lakini ngoja kwanza, kabla hujamwahidi mama kwamba kuanzia Jumatatu duka lake litakuwa na karani asiyelala.

Chatboti, kwa asiyeifahamu, ni programu unayoiandikia swali nayo ikakujibu kwa maneno kama mtu. Wala si jambo la juzi. Mnamo 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT huko Marekani alieleza kuhusu programu aliyoiita ELIZA, iliyojifanya daktari wa nafsi kwa kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe kwa umbo la swali. Ukiiambia una huzuni, yakuuliza kwa nini una huzuni. Haikuelewa lolote, ilhali watu waliimwagia siri zao. Katibu wa Weizenbaum, aliyejua fika kuwa ile ni mashine, alimwomba bosi wake atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Kiweke kisa hicho akilini, tutakirudia.

ELIZA iliandikwa na mtaalamu, mstari kwa mstari. Siku hizi kazi hiyo ngumu imekwisha kufanywa na makampuni makubwa, na wewe waachiwa kuielekeza tu. Tarehe 6 Novemba 2023 OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ilitangaza huduma ya kumwezesha mtu wa kawaida kuunda chatboti ya shughuli yake kwa kuandika maelezo kwa lugha ya kila siku. Ilianza kwa wanaolipa, ambao wakati huo walitozwa dola 20 kwa mwezi. Google nayo ina huduma ya aina hiyo iitwayo Gems, na mwezi Machi 2025 iliifungulia hata wasiolipa. Mwanafunzi asiye na dola za kuchezea na aanzie hapo.

Tuchukue mfano. Mama yako ni fundi wa sare za shule, ana kibanda chake na vyerehani viwili. Mwezi wa Januari simu yake haitulii. Sweta saizi 28 ni ngapi? Mnafungua saa ngapi Jumapili? Mwaweza kubadilisha sketi ikikataa kumwenea mtoto? Anajibu huku akishona, na wengine hawajibu kabisa, nao wakaenda kwa jirani. Hapa chatboti ina kazi.

Ukifungua ukurasa wa kuundia utaombwa mambo machache: jina, maagizo, na faili zenye habari ambazo chatboti itazitegemea. Jina lisikuchukue muda. Wengi hulipigia bongo saa nzima, wakabuni na picha ya kupendeza, kisha maagizo wakayaandika kwa dakika mbili: "Wewe ni msaidizi mwema wa duka la sare." Hayo si maagizo, msomaji. Hiyo ni kama kumwajiri kijana, kumvisha aproni, kisha ukaondoka bila kumwonyesha bei.

Kazi yenyewe huanzia mbali na kompyuta. Chukua daftari, keti na mama, umwulize. Utashangaa kugundua kwamba duka zima limo kichwani mwake na halijawahi kuandikwa popote. Sweta la shule hii ni bei moja, la shule ile ni nyingine kwa sababu ya beji. Mteja wa zamani hupunguziwa. Nguo iliyokwisha fuliwa haibadilishwi, ila mama akimwonea mtu huruma huibadilisha. Andika yote, kisha mwulize lipi kati ya hayo angetaka mgeni aambiwe. Hiyo huruma, mathalani, haiandikiki. Itabaki kuwa yake.

Ukimaliza, piga chapa orodha hiyo safi, kitu kimoja kwa mstari mmoja, na tarehe juu kabisa. Usipakie picha ya daftari lenye mwandiko wa haraka ukitumaini mashine itajisomea. Huenda ikasoma 850 ikaona 350. Wala usiache orodha ya mwaka uliopita karibu na ya mwaka huu. Chatboti haina njia ya kujua ipi imefutwa, hivyo leo itatoa bei hii na kesho ile.

Sasa maagizo. Mfikirie mfanyakazi mpya mwenye adabu nyingi, anayesoma haraka, asiyejua lolote kuhusu duka lenu, na ambaye haoni aibu hata kidogo kukisia. Huyo ndiye unayemwandikia. Waweza kuanza hivi: "Jibu kwa kutumia orodha ya bei iliyo kwenye faili pekee. Usipoipata bei ya kitu, usikisie. Mwambie mteja apige simu dukani. Usiahidi punguzo, deni wala siku ya kumaliza kushona. Jibu kwa lugha aliyoitumia mteja, kwa sentensi zisizozidi tatu." Kisha, pale penye ruhusa ya kutafuta mambo kwenye intaneti, izime ukiweza. Hutaki mteja wa Nairobi asomewe bei ya sweta kutoka duka asilolijua.

Mbona tulitilie mkazo suala la kukisia? Kwa sababu ya jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi. Zimesomeshwa maandishi mengi mno, na hujibu kwa kupanga maneno ambayo yaelekea kufuatana. Ukiuliza bei, kinachoelekea kufuata ni bei. Isipoiona kwenye faili yaweza kukupa nambari ya kupendeza iliyotoka hewani, na itaitamka kwa uhakika uleule ambao ingetamka ya kweli. Maagizo mazuri hupunguza ugonjwa huu, hayauponyi.

Ndiyo maana nasisitiza: nambari ya kulipia kwa M-Pesa usiipe chatboti hata kidogo, na katika maagizo iambie isitoe nambari yoyote ya malipo. Mteja na aipate dukani, ukutani, au kutoka kwa mama mwenyewe. Tarakimu moja ikikosewa, pesa za karo na sare zimekwenda kwa mtu msiyemjua, na mzazi hatakuja kugombana na kompyuta. Atakuja kwenu.

Naye atakuwa na haki. Novemba 2022 abiria mmoja wa Kanada aliyefiwa na nyanyake aliiuliza chatboti ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli nafuu ya waliofiwa. Ikamjibu kwamba angeweza kununua tikiti kisha aombe kupunguziwa ndani ya siku 90. Sheria za shirika hazikuruhusu kuomba baada ya safari, naye akanyimwa. Kesi ilipofika mbele ya baraza la kuamua madai madogo katika mkoa wa British Columbia, shirika lilijitetea kana kwamba chatboti ni mtu mbali anayejibeba mwenyewe. Februari 2024 baraza likaikataa hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe. Pamoja na riba na ada, jumla ilifika dola 812 na senti 2 za Kanada. Kwa shirika la ndege hizo ni chenji. Kwa kibanda cha sare, kurudisha pesa za wateja watano tu kwaweza kuumaliza mwezi.

Kwa hivyo, kabla ya kumpa mtu yeyote kiungo cha chatboti yako, ijaribu. Andika maswali 30 ambayo wateja huuliza kweli, pamoja na majibu sahihi pembeni, uyapime moja baada ya jingine. Usiyapambe. Wateja hawaandiki kama mwalimu wa insha. Wao huandika "sweta ya mtoi wa gredi 4 ni ngapi" na "naeza lipa pole pole?" Ukiona Kiswahili chake kimekuwa cha kitabuni mno, mwongezee mifano ya majibu katika maagizo, naye ataiga.

Halafu mpe simu ndugu yako mdogo, yule mtundu, umwambie aitie chatboti makosani. Utacheka, lakini hili si mchezo. Desemba 2023 huko Watsonville, California, mteja mmoja mcheshi aliiamuru chatboti ya muuzaji wa magari ya Chevrolet ikubaliane na kila asemalo. Kisha akasema anataka gari jipya kubwa kwa dola moja, nayo ikakubali. Gari hakupewa, ila kicheko kilienea dunia nzima. Ndugu yako akifaulu kupata sare kwa shilingi kumi, rudi kwenye maagizo.

Jambo jingine ni siri. Kila unachokiweka kwenye faili za chatboti, chukulia kwamba mtu mjanja aweza kukichomoa. Chatboti hizi za OpenAI hazikuwa zimemaliza miezi miwili tangu zitangazwe ilhali watafiti wamekwisha kuonyesha jinsi maswali ya ujanja yanavyozifanya zimwage maagizo na faili zake. Kwa hivyo daftari la madeni halifai humo, wala bei ambayo mama hununulia kitambaa, wala orodha ya wateja na simu zao. Tena Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo hudai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto. Vipimo vya mtoto, jina lake na shule yake ni habari zake, hata kama kwako ni sketi tu.

Na hapa ndipo ELIZA anaporudi. Watu huongea na mashine kwa urahisi unaostaajabisha. Mzazi aliyekuja kuuliza bei atajikuta akieleza kwamba mwanawe amefukuzwa shuleni, kwamba hana pesa hadi mwisho wa mwezi. Basi sentensi ya kwanza kabisa ya chatboti yako na iseme waziwazi kwamba ni mashine na si mama, na kwamba kwa mambo ya namna hiyo mama yupo, nambari ya kumpigia ni ile iliyo juu ya mlango.

Sasa kuna swali ambalo wauzaji wa huduma hizi hawaliulizi: unaihitaji kweli? Chatboti ya namna hii hufunguliwa kwa kiungo ndani ya huduma iliyoiunda, haijipenyezi yenyewe katika WhatsApp ambamo wateja wa mama tayari wamo. Ikiwa maswali ni yaleyale kumi, programu ya bure ya WhatsApp Business ina majibu ya haraka ambayo mama huyaandika mara moja na kuyatuma kwa kubonyeza, na bei haiwezi kuzuliwa kwa sababu aliiandika yeye. Kwa vibanda vingi ningependekeza hiyo, na daftari mliloandika litatumika vilevile. Chatboti itafaa pale maswali yanapokuwa mengi na ya aina aina, mathalani shule kumi zenye sare tofauti.

Na ukishaamua kuiunda, mkubaliane jambo moja kabla hujarudi chuoni. Kitambaa kitapanda bei, pengine mwezi wa Mei, nawe utakuwa katika mitihani. Ni nani atakayeifungua faili na kubadilisha bei? Mfundishe mama kuifanya hiyo kazi akikaa nawe, kwa simu yake mwenyewe, mara tatu, hadi aifanye bila kukuuliza. Mwonyeshe pia jinsi ya kuifunga chatboti isionekane na mtu, kwa siku atakayoona imeanza kusema yasiyo yake.