Ngazi ya Noeli haikuuawa na mlozi

Kuna wasomaji watakaouliza: kijitabu cha mila kinatafuta nini katika ugonjwa wa miti? Tuwaachie waagronomu mambo yao, sisi tuongee ngoma, ndoa na majina ya wakubwa. Tunajibu bila kuzunguka: mila yenye kupoteza mti wake inabaki hadithi tu. Na mti wa mila yetu hapa Boyoma, uwe Mlokele, Mturumbu, Mbole, Mkumu ao mgeni wa juzi, ni ngazi, ile wengi wanaita mbila.

Tuhesabu kidogo. Mawese ya pondu, mosaka ya kuku, masanga ya kumwagia wakubwa, fagio ya nyumba, kitunga, chumvi ya majivu ya wazee, hata mpose za sokoni: vyote vinatoka pale. Mgeni wa heshima akija, tunasimamisha matawi ya ngazi. Ndoa ikifika, matawi. Siku ya Matawi, mbele ya Pasaka, matawi tena. Na Noeli ya wazazi wetu, kabla ya magazini kujaa vitu vya plastiki, ilikuwa matawi ya ngazi yaliyokunjwa kama upinde mlangoni mwa shapeli na mlangoni mwa nyumba, pamoja na maua ya lopango. Hakuna aliyesema Yesu hakuzaliwa kwa sababu sapini ilikosa.

Leo tunaona mambo mawili, na yote mawili yanatuchoma. La kwanza, familia yenye kukosa franka za masomo inanunua sapini ya plastiki iliyotoka China, na pamba nyeupe ya kufananisha theluji, hapa karibu na ikweta! La pili, ngazi zenyewe zinakauka nyuma ya nyumba na mashambani, na badala ya kutazama mti, watu wanatafuta mlozi.

Tuanze na hili la pili, kwani ndilo lenye kuua watu. Moja ya magonjwa makubwa ya ngazi katika Afrika linaitwa fusariozi. Linaletwa na kuvu ndogo ya udongo, Fusarium oxysporum. Wataalamu walilieleza mwaka 1946, tena hapa hapa Congo. Kuvu hiyo inaingia kwa mizizi, inapanda ndani ya mishipa yenye kupeleka maji juu. Mti ukijitetea, unajaza mishipa yake gundi, na hapo njia ya maji inafungika. Matawi yanageuka njano, yanakauka, yanavunjika na kuning'inia kando ya shina kama mwavuli mbovu. Mti mwingine unakufa kwa miezi michache. Mwingine unasimama miaka, kichwa kimepungua, shina limechongoka juu kama kreyo, bila kuzaa kitu cha maana. Ukikata shina, utaona nyuzi za ndani zimekuwa kahawia.

Alama hizo zinaonekana namna moja Congo, Nigeria, Kameruni na Côte d'Ivoire. Zilionekana hata Brazili na Ekwadori, ng'ambo ya bahari. Sasa mtuambie: ni bibi gani wa kijiji aliyekuwa na tiketi ya kufika kule kote?

Watu wanajibu: « Sawa, lakini sababu gani ngazi yangu imekufa na ya jirani inazaa? Hiyo ni bulozi. » Swali ni zuri, jibu ndilo baya. Kwanza, ngazi hazina damu moja: kuna zenye kuzaliwa na nguvu ya kupinga kuvu, na kuna zenye kukosa nguvu hiyo. Pili, kuvu inaweza kulala katika udongo miaka mingi, ikingoja mizizi mipya. Mtu anayepanda mche karibu kabisa na kisiki cha ngazi iliyokufa, anaupeleka mtoto kulala kwenye kitanda cha mgonjwa. Tatu, udongo wenye kukosa potasi unazidisha ugonjwa. Hayo matatu yanatosha kueleza tofauti ya lopango mbili bila kumtaja jirani.

Na jina la jirani likitajwa, si mchezo. Sisi walimu tunajua mahali ambapo maneno hayo yanaangukia: juu ya mjane asiye na mtu wa kumtetea, juu ya mzee mwenye macho mekundu kwa moshi, juu ya mtoto aliyefiwa na wazazi. Katiba ya 2006, katika sharti la 41, inakataza kumshitaki mtoto bulozi. Vizuri. Lakini mzee naye ni mtu, na mila ya kweli ilimweka mbele ya kikao, haikumfukuza kijijini kwa ajili ya ngazi tatu zilizokauka. Wanaofanya hivyo wasijifiche nyuma ya neno « mila ». Hata kwa wazee, mtu mwenye busara alichunguza mti kwanza: alikata, alinusa, alitazama mizizi, ndipo alisema.

Tuje sasa kwa aibu yetu sisi watu wa Tshopo. Yangambi iko kilometa 100 hivi kutoka Kisangani, ukishuka mto. Pale INEAC ilianzishwa mwaka 1933, leo tunaiita INERA. Pale, mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walitangaza siri ya mbegu ya ngazi: ukichanganya dura, yenye kokwa nene, na pisifera, isiyo na kokwa ngumu, unapata tenera, yenye nyama nyingi na mafuta mengi. Mashamba makubwa ya Malezya na Indonesya yanaishi kwa fundisho hilo. Na juu ya fusariozi, njia inajulikana pia: dawa ya kuponya mti mgonjwa hakuna, lakini miche midogo inapewa kuvu kwa makusudi, halafu wanatazama familia gani inasimama na familia gani inaanguka, na mbegu inatafutwa katika ile yenye kusimama.

Na sisi? Tunaokota mche uliojiotea chini ya ngazi yoyote, tunaupanda, tunasema Mungu atasaidia. Lakini mbegu za tenera, zikizaliana zenyewe, zinatoa karibu mti mmoja kwa minne wa pisifera, ambayo mara nyingi haizai vichane vya maana. Baadaye mwenye shamba analalamika kwamba amefungwa na mtu! Amefungwa na mbegu yake.

Turudi kwa sapini. Wenye kuipenda wanasema: « Ni alama ya maendeleo, ngazi ni mambo ya mashambani. » Ndugu zetu, desturi ya kupamba sapini ndani ya nyumba ilitoka Alsasi na Ujerumani, karne ya 16. Watu wale walifanya nini? Walikamata mti wa pori lao, mti wenye kubaki kijani wakati wa baridi. Hawakutuma mtu kununua ngazi Afrika. Ukitaka kuwafuata kwa akili, kamata mti wa mlangoni pako. Na sapini yenyewe haina ubaridi wa kuikinga na magonjwa: Denmark, inchi yenye kuuza miti mingi ya Noeli, ilianza kupata taabu kubwa mwaka 2011 kwa kuvu inayoitwa Neonectria, yenye kukausha matawi. Kule walipeleka ugonjwa kwa maabara.

Na wenye kuogopa kwamba tawi la ngazi kanisani ni upagani, wakumbuke kwamba Roma yenyewe ilikubali mwaka 1988 misa ya majimbo ya Zaire, pamoja na ngoma, kucheza na kuita wakubwa wetu. Kama ngoma iliingia altareni, tawi litakatazwa na nani?

Tunaomba mambo yasiyo ya bei. Parokia na shapeli za Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Lubunga na Kisangani zipambe Noeli kwa matawi ya ngazi, matawi machache ya chini, kwa mti mzima wenye afya, bila kugusa moyo wake. Wenye mashamba wasipande karibu na kisiki kilichokufa, na watafute mche wa mbegu iliyochaguliwa. INERA na watu wa kilimo wa Université washuke vijijini na kuongea Kiswahili na Lingala, kwani kuvu haisomi Kifaransa. Walimu wakate shina moja lenye ugonjwa mbele ya wanafunzi, waonyeshe nyuzi za kahawia kwa macho.

Na wakubwa wa vijiji, mtu akiwaletea mashitaka ya ngazi iliyokauka, wamuulize kwanza: umetazama mizizi? Kama hajatazama, mashitaka yarudi naye nyumbani.