Wazee wa Baraza: Nani Amewachagua?

Ukifungua daftari lako kwenye mada ya mihimili ya dola, sehemu ya Mahakama ina mchoro wa ngazi. Chini ipo Mahakama ya Mwanzo, zikifuata Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu, na juu kabisa Mahakama ya Rufani. Wengi wenu mnaukariri vizuri na mnapata alama zake. Lakini mchoro huo hauwaonyeshi watu wawili wanaokaa na hakimu, wasio wanasheria, ambao pengine asubuhi ile ile walikuwa shambani. Hao ndio wazee wa baraza. Nina maoni juu ya namna wanavyopatikana na wanavyoitwa. Una ruhusa ya kuyapinga, mradi utoe sababu.

Kwanza uijue kazi yao, kwa sababu wengi hudhani wanakaa pale kama mapambo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 ilipotungwa, ilitaka Mahakama ya Mwanzo ikae na wazee wasiopungua wawili. Tena iliwapa kura. Hakimu na wazee wakitofautiana, iwe juu ya dhamana, hatia, adhabu au kiasi cha fidia, lililofuatwa lilikuwa lile la wengi. Kura zikilingana, hakimu alikuwa na kura ya ziada. Fikiria maana yake: mkulima wa kahawa kutoka Heru Juu na mama muuza maharage wa sokoni Kasulu, wakikubaliana, waliweza kumshinda hakimu aliyesomea sheria. Hayo yalikuwa madaraka makubwa kwa raia wa kawaida, na kwa upande huo hayakuwa mbali na ya juri ya Uingereza, ambako watu 12 huamua kama mshtakiwa ana hatia. Sisi Tanzania hatuna juri. Ukiandika kwenye mtihani kwamba tunayo, utakosa alama.

Mahakama Kuu ni habari nyingine. Huko washauri hutoa maoni tu, na jaji hafungwi nayo. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha sheria, kuwa nao katika kesi za jinai kukawa si lazima tena. Kenya waliwafuta kabisa mwaka 2007. Vifungu vinavyowahusu wazee vimekuwa vikirekebishwa, kwa hiyo usikariri kifungu cha kitabu cha zamani bila kuangalia toleo jipya.

Mimi sitaki wafutwe. Ninachotaka ni kwamba mwananchi ajue wametoka wapi.

Chukua migogoro ya ardhi, ambayo kwetu Kibondo na Kasulu kila ukoo una habari yake. Mabonde tunayolima maharage wakati wa kiangazi ni machache na yanagombaniwa. Ipo mipaka ya minyaa iliyong'olewa, yapo mashamba ambayo familia ziliyaacha wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 na wajukuu sasa wanayadai, wapo mabinti wanaoambiwa kwamba shamba la baba ni la kaka zao. Kesi kama hizi hazimalizwi na karatasi, kwa sababu mara nyingi karatasi hakuna. Zinamalizwa na watu wanaoaminika.

Sasa tazama watu hao wanavyopatikana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, wakiwemo wanawake 3. Halmashauri ya kijiji inapendekeza majina, mkutano mkuu wa kijiji unayapitisha. Yaani wewe ukishafika miaka 18 unaweza kusimama mbele ya watu useme fulani simtaki. Safi kabisa. Lakini baraza hilo kazi yake ni kusuluhisha, haliwezi kumlazimisha mtu. Panda ngazi moja. Baraza la Kata lina wajumbe 4 hadi 8, wanawake wakiwa 3, nao huchaguliwa na kamati ya kata, si na mkutano wa wananchi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 nalo limebaki na usuluhishi tu. Panda tena hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mahali ambapo shamba hutolewa kwa huyu na kunyang'anywa yule. Sheria ya mwaka 2002 iliyoliunda ilimpa Waziri kazi ya kuwateua wajumbe wake, baada ya kushauriana na Mkuu wa Mkoa.

Umeona kilichotokea? Wale ambao mkutano wa kijiji unawapitisha hawana nguvu ya kuamua. Pale penye nguvu ya kuamua, mkutano wa kijiji haupo. Hili ndilo tatizo langu kubwa, na naona linastahili kuandikiwa insha zaidi kuliko maswali mengi tunayowapa.

Niliwahi kuuliza darasa langu la kidato cha nne: nani anamjua diwani wa kata yake? Mikono yote juu. Mwenyekiti wa kijiji? Yote tena. Mzee wa baraza hata mmoja wa Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nao? Mkono mmoja, na kumbe mzee huyo ni babu yake. Jaribu swali hilo nyumbani leo jioni kabla hujanibishia.

Sisemi wazee hawa wanapokea rushwa. Nasema kwamba hata yule asiyepokea chochote hawezi kujitetea dhidi ya uvumi, kama hakuna anayejua alivyofikaje pale na kwa nini ni yeye kila siku. Aliyeshindwa kesi atasema tu, "Yule ni mtu wao." Nani atambishia?

Jirani zetu wa Burundi, ambao wengi wao tumeishi nao Nduta na Nyarugusu, wana mila ya bashingantahe. Mtu hakuamka tu akaitwa mshingantahe. Watu wa mlima wake walimchunguza kwa miaka: anavyosema kweli, anavyolipa deni, anavyokaa na majirani. Akishakubalika, alisimikwa hadharani, na alama yake ilikuwa fimbo iitwayo intahe. Mila hiyo ina kasoro zake, mojawapo ikiwa kuwaweka wanawake pembeni kwa muda mrefu. Lakini jambo moja walilipatia: aliyekusikiliza shauri lako ulimwona siku anasimikwa, na ulikuwa na nafasi ya kunung'unika.

(Na akitokea mtu kukuambia kwamba Waha hatujazoea mwanamke kuamua mambo, mkumbushe kwamba kabla ya Uhuru mwami wa Heru, hapa hapa Kasulu, alikuwa mwanamke: Theresa Ntare.)

Napendekeza basi hivi. Kila kijiji kipitishe kwenye mkutano mkuu majina machache ya watu wa kukaa na hakimu au na mwenyekiti wa baraza la wilaya, nusu wanawake, na vijana wasisahaulike. Mijini jambo hilo lifanyike kwenye mitaa. Majina yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na za mahakama. Kisha kwa kila shauri, karani achanganye majina na kuokota mbele ya wadaawa wenyewe, kama tunavyookota vikaratasi vya zamu ya usafi darasani. Mdai au mdaiwa akisema huyu ni shemeji wa mwenzangu, liokotwe jingine. Uingereza wanajuri huokotwa kwa kompyuta kutoka daftari la wapiga kura; sisi kofia inatosha.

Kuwaita nako kunahitaji kunyooshwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia bila kelele. Sheria ya mabaraza ya ardhi inataka wajumbe wawili wakae na mwenyekiti na watoe maoni yao kabla ya hukumu. Lakini sheria hiyo hiyo inasema waliokuwepo mwanzo wasipofika, mmoja au wote wawili, mwenyekiti anaweza kuendelea na kumaliza. Kwa hiyo mjumbe ambaye taarifa haikumfikia Mabamba, au ambaye hakuwa na nauli msimu wa mvua, anaweza kuliacha shauri mikononi mwa mtu mmoja. Kuna balaa la pili. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta hukumu za mabaraza ya wilaya kwa sababu maoni ya wajumbe hayakusomwa mbele ya wadaawa. Shauri likifutwa hivyo, mara nyingi linarudi kuanza upya. Mama aliyehangaika miaka na mashahidi wake anaambiwa awatafute tena, na huenda mmoja wao amekwisha fariki.

Ndiyo maana nataka samansi ya mjumbe iwe ya maandishi, imfikie siku 14 kabla kupitia kwa mtendaji wa kijiji, na ujumbe wa simu umkumbushe. Posho na nauli alipwe siku hiyo hiyo kabla hajaondoka. Mtu anayedai posho ya miezi sita hatuwezi kumlaumu akichagua kwenda kupalilia.

Wapo watakaosema kuokota majina kutaleta wasiojua mila. Hoja hiyo ina uzito, kwani shauri la mpaka wa zamani linamtaka mtu anayeikumbuka nchi ilivyokuwa. Lakini anayekumbuka mpaka anaweza kuitwa kuwa shahidi, aulizwe maswali na pande zote mbili. Kumweka kwenye kiti cha kuamua ni kumfanya shahidi asiyehojiwa. Wengine watasema gharama. Mkutano mkuu wa kijiji tayari upo kisheria, mbao za matangazo zipo, makarani wapo. Kitakachoongezeka ni nauli, na sidhani kama inazidi gharama ya kusikiliza shauri moja mara mbili.

Likikujia swali la kutaka upendekeze njia za kuboresha utoaji haki nchini, usiandike tu "kuongeza mahakimu" kama kila mtu. Anza na kijiji chako. Na ukishatimiza miaka 18, mkutano mkuu ukifika kwenye ajenda ya mengineyo, nyoosha mkono uulize: wazee wanaokaa mahakamani kwa ajili yetu ni akina nani, na muda wao unaisha lini?