Eti "Mungu Anaelewa"!

Kuna maneno mawili ambayo Wakristo wenzangu wa huku Kilwa tumeyageuza kuwa mlango wa uani: "Mungu anaelewa." Umemzungusha kibarua ujira wake wiki tatu? Mungu anaelewa. Umempunja mama mjane korosho zake? Mungu anaelewa, bwana, maisha magumu. Halafu Jumapili mtu huyo huyo anasimama kushuhudia kwamba Bwana hakumwacha hata dakika moja. Sasa kama hakukuacha hata dakika moja, ulipokuwa unapima zile korosho alikuwa wapi? Alikwenda kunywa chai?

Mimi niko Miteja, kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na shule yangu iliishia kidato cha nne. Sina theolojia. Lakini kangomba haihitaji theolojia. Wewe msomaji wa mjini huenda huijui, basi sikiliza. Mkulima ana njaa, ada ya mtoto inadaiwa, mnada bado. Anatokea mwenye fedha taslimu na chombo chake. Chombo kinaitwa kilo lakini kinameza zaidi ya kilo, na bei ni ya huruma, yaani huruma ya mkulima kwa mnunuzi! Serikali iliponunua korosho kwa Sh. 3,300 kwa kilo msimu wa 2018/19, ilibidi wahakiki waulize shamba la muuzaji liko wapi, ili kangomba wabainike. Nauliza: anayeamini kwamba Mungu yuko naye pale pale chini ya mkorosho, mhakiki wa Serikali wa nini?

Najua jibu lenu. "Unataka tuishi kwa woga, Mungu awe polisi?" Hata kidogo. Fungueni Mwanzo sura ya 16. Aliyemwita Mungu kwa jina la Mwenye kuona ni Hajiri, mjakazi wa Kimisri aliyekimbilia jangwani kwa mateso ya bibi yake. Hakuwa mwizi aliyefumaniwa. Alikuwa mwonewa, akagundua kuna aliyemwona. (Malaika alimrudisha kwa bibi yule yule, na hilo linaniumiza kichwa mpaka leo.) Sisi majirani wa Kilwa Kivinje, ambako katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilifika kutoka upande wa Ziwa Nyasa, tungepaswa kumwelewa Hajiri upesi. Mungu anaelewa, naam. Anaelewa hali ya yule mama mwenye korosho.

Tena majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa, wanayo sura nzima katika Kurani, ya 83, juu ya wapunjao vipimo. Mkristo akishika chombo cha kangomba mbele yao, anawahubiria nini?

Na sisi tunaojiita waandishi chipukizi tusijifiche. Hadithi zetu nyingi ni hivi: tapeli anakula raha kurasa mia moja, Mungu hayumo, ukurasa wa mwisho gari linapinduka, basi, "Mungu si Athumani." Huyo siye Mungu aliye kila mahali. Huyo ni mgeni wa sura ya mwisho, tunamwita tukishindwa kumaliza riwaya.

Mimi nataka riwaya ambamo mnunuzi ananyoosha mkono kwenye gunia, anasita, na mkulima hajui kwa nini kasita. Anaweka chombo chini, anaazima mizani. Hakuna radi, hakuna gari kupinduka. Anapata hasara, anarudi nyumbani, mkewe anamnunia. Nimejaribu kuiandika. Nimekwama kwenye maneno ya mke, maana naye ana hoja: watoto hawajala, na chombo kile kile angekishika mwingine kesho yake asubuhi.