Kura Mchana, Matokeo Usiku wa Manane

Mwizi wa kuku huja usiku, na kila mwenye banda anajua kwa nini. Sasa niambieni, ndugu zangu: matokeo ya uchaguzi huja usiku kwa nini?

Usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 10 Januari 2019, yapata saa tisa kwa saa za Kinshasa, Corneille Nangaa, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kongo, CENI, aliketi mbele ya kamera akatusomea tarakimu. Goma, Bukavu na Lubumbashi, ambako saa imetangulia kwa saa moja, ilikuwa saa kumi alfajiri, majogoo wa kwanza wanawika. Watu walikuwa wamepiga kura kweupe tarehe 30 Desemba. Kesho yake serikali ikawakatia intaneti. Wakasubiri siku kumi na moja gizani, kisha wakaamshwa na redio wakaambiwa wana rais.

Mahakama ya Katiba nayo ilipoletewa malalamiko, ilitoa hukumu yake lini? Usiku wa kuamkia Jumapili, 20 Januari. Nchi ina mchana wa saa kumi na mbili, jua la bure, lakini kila jambo zito la uchaguzi ule lilingoja watu walale.

Sasa itazame saa ya mwananchi. Sheria ya Kongo inampa mpiga kura saa kumi na moja: kituo kifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi, kifungwe saa kumi na moja jioni, kila upande kwa saa zake. Ukija umechelewa kwa dakika tano, na foleni ya waliokuwapo imeshaandikwa, geuka urudi nyumbani. Hakuna wa kumwambia kwamba daraja lilikatika au mtoto aliugua. Kwa mwananchi saa imetengenezwa kwa chuma, kwa tume imetengenezwa kwa mpira. Na mimi nasema hivi, bila kuuma maneno: anayeivuta saa ndiye anayeiba kura. Tumekesha tukilinda masanduku, kumbe mwizi alikuwa anachezea saa ya ukutani.

Wenzetu wenye kiu ya haki huhesabu hata dakika. Jimbo la Florida, Marekani, lina majira mawili ya saa. Sehemu kubwa iko kwenye saa za mashariki, lakini kipande cha magharibi kiko nyuma kwa saa moja. Usiku wa tarehe 7 Novemba 2000, vituo vya televisheni vilimtangazia Al Gore ushindi wa jimbo zima huku vituo vya kura vya kile kipande cha magharibi vikiwa na dakika kumi hivi kabla ya kufungwa. Baadaye tamko lile lilifutwa, na George W. Bush akapewa Florida kwa tofauti ya kura 537. Kwa ajili ya makosa ya usiku ule, zikiwemo dakika zile kumi, wakuu wa televisheni waliitwa Februari 2001 mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kujieleza.

Kanada, yenye majira sita ya saa, ilipiga marufuku tangu 1938 kupeleka matokeo ya mashariki magharibi ambako watu bado wanapiga kura. Marufuku hiyo leo imekwisha, maana intaneti haiulizi mpaka, lakini walikuwa wameshazipanga upya saa za vituo vyenyewe. Ontario na Quebec hufungua saa tatu na nusu asubuhi na kufunga saa tatu na nusu usiku. British Columbia, iliyo nyuma yao kwa saa tatu, hufungua saa moja asubuhi na kufunga saa moja jioni. Ukipiga hesabu utaona zinapishana kwa nusu saa tu. Hakuna uchawi hapo. Kuna mtu aliyekaa na kalamu akamfikiria mpiga kura wa mwisho.

Hayo ni ya dakika kumi na nusu saa. Sisi tuje kwenye yetu, ambako saa imevutwa hadi ikawa miezi mitatu.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo, huko Kivu Kaskazini, pamoja na Yumbi iliyo magharibi, zitapiga kura Machi. Kwa Beni na Butembo walitaja Ebola na usalama. Sawa, Ebola ilikuwapo, na waasi walikuwapo. Lakini soko lilikuwa wazi. Kanisa lilikuwa wazi. Watoto walikuwa wamesoma muhula mzima wakibanana kwenye dawati moja. Ugonjwa ukaonekana una akili ya ajabu: hauambukizi penye kununua mihogo, huambukiza penye kuchagua rais. Na ikumbukwe Beni na Butembo zilijulikana kuwa ngome za upinzani.

Rais mpya, Félix Tshisekedi, aliapishwa tarehe 24 Januari. Beni ikapiga kura tarehe 31 Machi, kuchagua wabunge. Ya rais ilishakuwa historia.

Tuhesabu pamoja, maana hesabu haina chama. Kwa tarakimu za CENI yenyewe, Félix Tshisekedi alipata kura 7,051,013 na Martin Fayulu, aliyemfuata, 6,366,732. Tofauti ni 684,281. Walioandikishwa katika maeneo yale yaliyosukumwa hadi Machi walizidi milioni 1.2. Yaani watu waliofungiwa nje ni karibu mara mbili ya tofauti iliyompa mtu urais! Sisemi wangempigia nani. Siri ya kura ni yao. Nasema idadi yao ilitosha kugeuza kila kitu, wakaambiwa wasubiri, na walipofika karamu ilikuwa imeliwa na vyombo vimeoshwa.

Wao hawakukaa kimya. Tarehe 30 Desemba, wenzao wa nchi nzima wakiwa kwenye foleni, watu wa Beni walijipangia uchaguzi wao. Walinawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakasimama kwenye mstari, wakatumbukiza karatasi walizojitengenezea. Kura zile hazikuhesabiwa popote. Lakini siku ile walionyesha kwamba kupiga kura kunawezekana Beni, tarehe ileile, mchana uleule. Kilichokosekana ni nia ya wakubwa.

Ungetegemea aibu ile iwe fundisho. Tarehe 20 Desemba 2023 Kongo ilirudi vituoni, karibu 75,000 nchi nzima. Jua lilichomoza, saa kumi na mbili ikapita, saa mbili, saa sita. Vituo vingi vilikuwa bado vimefungwa. Pengine mashine hazijafika, pengine zimefika bila betri yenye moto. Akina mama waliotoka nyumbani alfajiri walikaa chini kwenye vumbi, kadi mkononi. CENI ikaongeza siku, na katika baadhi ya maeneo ya mbali upigaji kura uliendelea hata baada ya siku hiyo ya nyongeza. Masisi na Rutshuru, hukohuko Kivu Kaskazini, hawakupiga kabisa, kwa sababu ya vita.

Na wakati hayo yakiendelea, Kinshasa walikuwa wanafanya nini? Tarehe 22 Desemba, katika ukumbi walioupa jina Bosolo, yaani ukweli kwa Kilingala, CENI ilianza kusoma matokeo. Ilianza na Wakongo walioko ng'ambo: Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, Kanada, Afrika Kusini. Kura ya Brussels ikawa na tarakimu kabla kura ya kijiji cha ndani haijapata hata mlango! Florida ilikuwa dakika kumi, watu wakaitwa bungeni. Hapa ni siku nzima, na nani aliitwa?

Saa ikilegea, kila kitu hulegea. Mashine za kupigia kura zilikutwa kwenye nyumba za watu. Januari 2024 CENI yenyewe ikafuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine, baadhi yao vigogo wa serikali. Haikushangaza. Uchaguzi usio na saa ya kufunga ni duka lisilo na mlango: asubuhi utauliza bidhaa ziko wapi, na kila mtu atakuangalia.

Nawasikia wakubwa wakinijibu. Jibu la kwanza husema: nchi ni kubwa, barabara hakuna. Kweli, Kongo ina zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili, na njia nyingi ni matope. Lakini mbona bia inafika? Inapanda boti, inapanda pikipiki, inabebwa kichwani, na inafika kabla ya sikukuu. Anayetaka kuuza hajawahi kuniambia nchi ni kubwa. Tena ukubwa wa nchi ulijulikana miaka mitano kabla. Haukukua usiku wa kuamkia uchaguzi.

Jibu la pili husema: tunatangaza usiku ili kulinda amani. Mji umelala, vijana hawataingia barabarani. Hoja hii ndiyo inayonichoma zaidi, kwa sababu ndani yake mna ungamo. Kama unaamini matokeo ni ya haki, unamwogopa nani? Na historia imewaumbua. Gabon walipiga kura tarehe 26 Agosti 2023. Usiku ule wakakatiwa intaneti na kutangaziwa amri ya kutotoka nje. Alfajiri ya tarehe 30, yapata saa tisa na nusu, televisheni ya taifa ikamtangaza Ali Bongo mshindi. Hakujakucha, wanajeshi walijitokeza kwenye runinga wakasema utawala umekwisha. Waliificha kura gizani, na gizani humohumo wakapinduliwa.

Kenya nayo ina kidonda chake. Tarehe 30 Desemba 2007, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, aliondolewa kwenye ukumbi wenye zogo, akasoma matokeo kwenye chumba pembeni mbele ya kamera za shirika la serikali. Kabla ya saa kupita, Mwai Kibaki alikuwa anaapishwa Ikulu, jua linazama. Upesi ule ulileta amani gani? Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Na siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe akawaambia waandishi hajui kama Kibaki alishinda.

Lakini Kenya hiyohiyo ilitupa jibu. Agosti 2022, fomu za matokeo ya urais kutoka vituo zaidi ya 46,000, zile fomu 34A, ziliwekwa kwenye tovuti kila mtu azione. Kinyozi akajumlisha, mwanafunzi akajumlisha, magazeti yakajumlisha. Makamishna wanne walijitenga na mwenyekiti wao, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, ubishi ukawa mkali. Hata hivyo walibishana juu ya karatasi zilizo mezani, mchana, na nchi haikuungua.

Na karatasi ile haina maajabu. Nenda jioni ya uchaguzi kwenye darasa lolote lililogeuzwa kituo, iwe Kisangani au Kisumu. Sanduku linamwagwa mezani. Mmoja anainua karatasi moja juu ya taa, anataja jina, mashahidi wa vyama wananyoosha shingo. Mwingine anachora vijiti vinne, cha tano anakilaza juu yake. Kura ya rais katika chumba kile haikeshi. Imejulikana kabla bundi hajaanza kulia. Mashahidi wanatia saini, karatasi inabandikwa ukutani, gundi bado mbichi. Hayo ndiyo matokeo. Kinachofuata ni kujumlisha tu, kazi ya mtoto wa darasa la nne mwenye subira. Kwa hiyo mtu akikaa na hesabu ya kujumlisha siku kumi na moja, halafu akakataa kukuonyesha kituo kwa kituo, usimwite mhasibu. Maaskofu Katoliki wa Kongo walikuwa na waangalizi 40,000 mwaka ule wa 2018, na walisema wazi kwamba tarakimu zilizosomwa na tume hazilingani na walizokusanya. CENI haikuwahi kuwajibu kwa karatasi za vituo.

Waswahili husema usiku wa deni haukawii kucha. Nangaa aliyetusomea usiku ule ndiye aliyesimama Nairobi tarehe 15 Desemba 2023, siku tano kabla ya uchaguzi, akatangaza muungano wenye silaha pamoja na waasi wa M23. Januari 2025 wakaingia Goma. Sitaki kusema vita vile vilizaliwa na tarakimu za saa tisa usiku; vina mizizi mirefu kuliko yeye. Lakini nchi ikishawafundisha watu kwamba karatasi haina maana, isishangae wakichukua kitu kingine.

Madai yangu ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji msaada wa wafadhili. Saa kumi na moja za mpiga kura zihesabiwe tangu kituo chake kilipofunguliwa kweli. Tarakimu yoyote isisomwe, ya Brussels wala ya Kinshasa, kabla kituo cha mwisho hakijafungwa. Karatasi ya kila kituo iwekwe hadharani, na intaneti isiguswe. Na mshindi atangazwe mchana, kwa saa iliyotajwa kabla, watu wakiwa macho na chai yao mezani.

Mkenya, zamu yako ni tarehe 10 Agosti 2027. Mkongo, yako imepangwa 2028. Ukishapiga kura usiende kulala. Jioni rudi kituoni, piga picha karatasi iliyobandikwa ukutani, na chini yake andika saa uliyoipiga.