Ndururu Nyeupe ya Mwaka 1920

Wako watu ambao, kazi za mchana zikiisha, hujifurahisha kwa kukusanya sarafu za zamani, kama wengine wakusanyavyo stampu za barua. Ukimwuliza mmoja wao ni sarafu gani angependa kuipata kuliko zote, usidhani atakutajia dhahabu. Dhahabu hufichwa sandukuni tangu siku ya kwanza, na kwa hiyo haipotei upesi. Ipoteayo ni sarafu ndogo, ile ya kununulia chumvi na kiberiti, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuiweka. Leo yafaa tuzungumze habari za sarafu ndogo za nchi zetu, nami nitasema ni ipi niionayo yastahili kutafutwa kwanza, na sababu yake.

Majina yenyewe yana historia. Neno "pesa" limetoka Uhindi, na sarafu ya shaba yenye jina hilo ilikuwa ikitumika pwani yote pamoja na rupia. Mwaka 1888 kampuni iliyoitwa Imperial British East Africa Company ilitoa pesa yake ya Mombasa, yenye maandishi ya Kiingereza na ya Kiarabu. Upande wa Wajerumani, rupia iligawanywa katika heller 100 tangu mwaka 1904, na kutokana na heller hiyo tumepata neno "hela". Wajerumani walikwisha kuondoka zamani, lakini mtu wa leo asiyejua hata neno moja la Kijerumani bado husema hana hela.

Upande wa Waingereza, pesa ziliachwa na rupia ikagawanywa katika senti 100. Mwaka 1907 ikatokea senti moja ya aluminiamu, na mwaka 1908 ikafuata nusu senti. Hizi zilikuwa miongoni mwa sarafu za kwanza kabisa duniani zilizofanywa kwa madini hayo ili zitumiwe na watu wote. Zilikuwa nyepesi mno, na hali ya hewa yetu haikuzifaa, zikaharibika upesi. Mwaka 1909 zikabadilishwa, zikafanywa kwa shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo rangi yake ni nyeupe kama fedha. Zote zilikuwa na tundu katikati, hata mtu asiye na mfuko aliweza kuzitunga katika uzi akaenda nazo sokoni. Nusu senti ya aluminiamu iliyo safi ni vigumu kuiona leo, na wakusanyaji wengi huitamani.

Hata hivyo, mimi naiweka mbele sarafu nyingine. Ni ndururu, yaani senti tano, ya mwaka 1920. Ili kuifahamu thamani yake hapana budi tukumbuke mambo yaliyotukia mwaka ule.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni 1 ya Kiingereza. Lakini rupia ilikuwa fedha halisi, na bei ya fedha duniani ilipopanda wakati wa vita, rupia nayo ikapanda. Mwaka 1920 serikali ikaamua kwamba rupia moja iwe sawa na shilingi 2 za Kiingereza, ndiyo kusema rupia 10 kwa pauni 1. Tazama, msomaji, jinsi hesabu hiyo ilivyowapata watu. Mtu aliyekopa rupia 1500 kwa kipimo cha zamani alikuwa na deni la pauni 100. Kwa kipimo kipya, rupia zile zile 1500 zikawa pauni 150. Hakukopa hata senti moja zaidi, wala hakununua jembe wala ng'ombe, bali deni lake liliongezeka kwa nusu. Tena mkulima aliyeuza mazao yake Ulaya kwa pauni alipata rupia chache kuliko zamani.

Walowezi walipoona hivyo walitafuta mahali pa kupunguza gharama, na mwaka 1921 wakaafikiana kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Angalia hesabu hiyo: ukitoa theluthi katika 150, inabaki 100. Yaani hasara ya mabadiliko ya fedha iliondolewa juu ya mwajiri ikawekwa juu ya mtu wa kibarua. Jambo hilo lilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyowafanya Harry Thuku na wenzake waunde chama cha Young Kikuyu Association mwaka ule ule wa 1921. Thuku mwenyewe alikuwa akifanya kazi ya simu katika Hazina ya serikali huko Nairobi.

Sasa turudi kwenye ndururu yetu. Rupia ilipoondolewa, mahali pake paliwekwa fedha mpya iliyoitwa florini, yenye senti 100, nayo ilikuwa sawa na shilingi 2. Bodi ya fedha ya Afrika Mashariki, iliyokuwa London, ikaagiza sarafu za florini pamoja na senti zake zenye mwaka 1920. Lakini kabla fedha hiyo haijazoeleka, shauri likabadilika tena. Ikaamuliwa kwamba shilingi ndiyo iwe fedha ya nchi, nayo pia igawanywe katika senti 100. Sarafu za kwanza za shilingi zina mwaka 1921. Basi maisha ya florini yalikuwa mafupi sana, na sehemu kubwa ya senti zake hazikupata kutolewa ziingie mikononi mwa watu.

Tena palikuwa na jambo la kutatiza. Florini moja ilikuwa shilingi 2, na zote mbili ziligawanywa katika senti 100. Kwa hiyo senti moja ya florini ilikuwa na haki ya kuhesabiwa kuwa senti mbili za shilingi. Mama aliyeuza maziwa akapata ndururu ishirini za zamani alikuwa na shilingi 2 kamili. Lakini kama aliyezipokea dukani alizihesabu kwa neno lililoandikwa juu yake tu, yaani senti tano tano, mama huyo angerudi nyumbani na bidhaa za shilingi 1, na nusu ya jasho lake imepotea. Mwenye maelfu benki ana karani wa kumhesabia. Mwenye senti ishirini katika uzi hana, na kwake nusu ya ndururu ni chumvi ya siku kadhaa. Ndiyo sababu nasema kwamba sarafu ndogo hueleza historia ya watu wengi kuliko noti kubwa.

Huenda mtu akaniuliza, "Na ile ya mwaka 1936 je?" Sarafu hiyo ina sifa nyingi. Mfalme Edward VIII alianza kutawala Januari 1936, akaacha ufalme Desemba mwaka ule ule, kabla ya kuvikwa taji. Huko Uingereza sarafu zenye sura yake hazikutolewa zitumike. Lakini ndururu na senti kumi zetu hazikuwa na sura ya mfalme, maana katikati palikuwa na tundu. Zilikuwa na jina lake tu. Kwa hiyo zilitangulia kupigwa, tena kwa mamilioni, zikatumika kila soko. Mgeni wa Ulaya huzistaajabia, lakini huku kwetu si adimu. Sifa ya kitu na uadimu wake ni mambo mawili mbalimbali, na mkusanyaji mwenye busara huyatenga.

Je, utaitambuaje ndururu ya 1920? Kwanza tazama rangi. Ndururu ambazo wazee wetu wanazikumbuka, zilizopigwa tangu siku za mwanzo za shilingi mpaka mwaka 1964, ni za shaba nyekundu. Ile ya florini ni nyeupe. Pili, soma maandishi. Ndururu nyeupe za siku za rupia zimeandikwa "East Africa & Uganda Protectorates"; ya florini imeandikwa "East Africa" tu. Tatu, tazama mwaka, na herufi ndogo H, ambayo ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Nne, ijaribu kwa sumaku. Shaba iliyochanganywa na nikeli ya namna hiyo haivutwi na sumaku. Ikivutwa, ujue umeuziwa chuma kilichopakwa.

Nina maonyo machache pia. Ukipata sarafu ya zamani usiisugue kwa majivu, wala mchanga, wala ndimu, ukidhani kwamba ikimeta itapanda bei. Wakusanyaji hupenda ngozi yake ya asili, na sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani. Ishike kwa ukingo, uiweke katika bahasha ndogo ya karatasi kavu, na juu ya bahasha uandike mahali ilipotoka na jina la mzee aliyekuwa nayo. Maandishi hayo ni mali pia, kwa maana sarafu haiwezi kusema yenyewe ilipitia mikono ya nani.

Jambo la mwisho ni kwa wale waliorithi mikebe ya sarafu kuukuu kutoka kwa babu na bibi. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawasomi mwaka; wao hutazama mizani tu. Kabla hujamwaga mkebe katika gunia la mtu, keti mezani penye mwanga, uzipange kwa rangi na kwa miaka, na mtoto wako anayejua kusoma akusaidie. Aghalabu utakuta zote ni za kawaida, na hapana hasara. Lakini katika kazi hiyo mtoto atauliza florini ni nini, na kwa nini senti moja ilihesabiwa kuwa mbili. Ukimweleza vizuri, atajifunza mapema kwamba fedha ikibadilishwa, mtu asiyejua hesabu ndiye alipaye.