Mzazi aliyetoka kuugua homa hahitaji soda na mkate

Je, msomaji, unaposafiri kwenda Meru au Embu kumwona mzazi mzee aliyeugua homa, mfukoni hubeba nini? Wengi wetu hubeba mkate, sukari, majani ya chai na soda. Nia ni njema, lakini trei moja ya mayai na maziwa vingemfaa zaidi.

Uchovu unaobaki wiki nyingi baada ya homa ya mafua au Covid-19 si uvivu, wala si uzee tu. Mzee akilala kitandani, misuli hupungua upesi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba wazee wenye afya waliokaa kitandani siku 10 pekee walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Na hao hawakuwa wagonjwa!

Misuli hujengwa kwa protini. Wataalamu hupendekeza kwamba mtu aliyepita miaka 65 apate gramu 1 hadi 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na zaidi akiugua. Mzee wa kilo 60, basi, anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, cha maharagwe yaliyochemshwa 15. Uji mtupu na chai haviwezi kufikia hesabu hiyo.

Ajabu ni kwamba chakula chenyewe kimo shambani: njahi, maharagwe, na kule Mbeere kunde, ndengu na mbaazi. Asiye na meno apondewe. Uji wa wimbi utiwe maziwa. Chai nayo ingoje saa moja baada ya mlo, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka.

Kuna jambo ambalo watu wa pande hizo hawapendi kuambiwa. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere hufukuza usingizi na hamu ya kula. Mzee anayetafuna ili apate nguvu anakesha na njaa.

Asikimbilie jembe pia. Atembee kidogo uani, na akiamka hoi kesho yake, apunguze. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kabla ya kuongeza protini. Lakini akikonda, akikohoa, akiishiwa na pumzi au miguu ikivimba, usimwachie chakula pekee. Mpeleke hospitalini apimwe damu, sukari, moyo na kifua kikuu.