Kosa la Kiingereza Lina Chanzo Chake

Kila mitihani ya kitaifa inapokaribia, wanafunzi wa shule za upili katika Kitale na Bungoma hujifungia na rundo la karatasi za miaka iliyopita, wakikariri majibu ya maswali ya sarufi ya Kiingereza. Katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya mtihani wa KCSE, sehemu hiyo hutengewa alama 15 kati ya 80. Mtahiniwa hutakiwa kuandika sentensi upya bila kubadilisha maana, kujaza kihusishi kilichoachwa, au kutia neno katika umbo linalofaa. Alama hizo ni chache, lakini kosa lisilorekebishwa hapo humwandama mwanafunzi hadi katika insha, na hata katika majibu ya historia na biolojia, maadamu masomo hayo nayo hutahiniwa kwa Kiingereza.

Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Katika jambo hili naona ni wajibu wetu walimu kuwaambia wanafunzi maana, kwa sababu kukariri majibu hakumsaidii mtu siku anapoletewa sentensi asiyopata kuiona.

Hebu tutazame sentensi hii: "My brother he has gone to Kitale." Mwalimu hukata "he" kwa wino mwekundu na kuendelea na kazi yake. Mwanafunzi huona kwamba amekosa, lakini hajui kwa nini. Sababu yenyewe haijifichi. Tunaposema "ndugu yangu amekwenda Kitale", kitenzi hakiwezi kusimama bila kiambishi "a-" kinachomwakilisha mtendaji. Kibukusu nacho hufuata kanuni hiyo. Mwanafunzi aliyeandika "he" alikuwa akikitafutia kiambishi hicho makao katika lugha ya wenyewe. Aelezwe kwamba "he" ni neno kamili linaloshika nafasi ya nomino, wala si kiambishi cha kitenzi, na kwa hivyo nomino ikiwapo neno hilo halina kazi.

Mfano wa pili ni usemi wa taarifa, ambao watahini huupenda sana. Mwanafunzi huandika "She said that she is coming", ilhali jibu linalotarajiwa ni "She said that she was coming". Huyu naye hakukosa kwa uvivu. Kwa Kiswahili husema "alisema kwamba anakuja", na husema sawasawa, kwa kuwa Kiswahili huuacha wakati uliopo jinsi ulivyotamkwa na msemaji. Kiingereza, kwa kawaida, hurudisha kitenzi cha pili nyuma ili kilingane na cha kwanza. Sentensi hizo mbili zikiandikwa ubaoni bega kwa bega, tofauti hiyo huonekana mara moja.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kiswahili ni chanzo cha makosa tu. Mara nyingine ndicho dawa. Wanafunzi wengi huandika "The list of pupils were read", kwa kuwa neno lililo karibu na kitenzi liko katika wingi. Waulizwe wanafunzi hao hao wanavyosema kwa Kiswahili. Watajibu "orodha ya wanafunzi ilisomwa", na hakuna atakayesema "walisomwa". Kanuni ya kupatanisha kitenzi na nomino kuu wanaijua tangu utotoni, nao huitumia kila siku pasipo kuitaja. Hali kadhalika, asemaye "kila mmoja wa wasichana amefika" ana ufunguo wa "Each of the girls has arrived".

Ziko pia sehemu ambazo lugha zetu hazitoi msaada. "Mwalimu amekuja" yaweza kuwa mwalimu yeyote au mwalimu tunayemjua, lakini Kiingereza hutulazimisha kuchagua kati ya "a" na "the". Kibukusu na Kiswahili hazitenganishi "he" na "she", wala Kisabaot, ambacho si cha jamii ya Kibantu, hakifanyi hivyo. Hapo mazoezi mengi hayaepukiki, na ni vyema mwanafunzi ajue mapema mahali penyewe pa kutia bidii.

Najua walimu watanijibu kwamba wakati ni mfupi. Watasema pia kwamba darasa moja mjini Kitale lina watoto wa Kibukusu, Kisabaot, Kiturkana na Kikikuyu, na hakuna mwalimu azijuaye lugha zote hizo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Kiswahili wanacho wote, kwani tangu mfumo wa 8-4-4 uanzishwe mwaka 1985 limekuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Katika vijiji vya Bungoma, ambako Kibukusu hutangulia Kiswahili midomoni mwa watoto wengi, mwalimu anaweza kuanza na Kibukusu, kisha Kiswahili, ndipo avuke hadi Kiingereza.

Wengine wanaogopa kwamba kutaja lugha nyingine katika kipindi cha Kiingereza kutazidi kuwachanganya wanafunzi. Ukweli ni kwamba lugha hizo zimekwisha kukutana vichwani mwao. Kuzilinganisha waziwazi ndiko kunakozitenganisha. Kumwadhibu mtoto kwa kusikika akizungumza lugha ya mama, desturi iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, hakukumfundisha yeyote matumizi ya "was" na "is". Kulimfundisha kunyamaza, na anyamazaye hatujui anapokosea.

Ushauri wangu hauhitaji fedha wala kamati. Mwalimu wa Kiingereza na mwenzake wa Kiswahili wakutane angalau mara moja kwa juma, wakiwa na madaftari ya wanafunzi wao mezani. Wachague makosa matano yanayorudiwa mno, watafute chanzo cha kila moja, kisha kila mmoja alifafanue katika somo lake. Nanyi wanafunzi, mnaporudishiwa kazi yenye wino mwekundu, msinakili sahihisho tu. Ulizeni kosa hilo lilitoka wapi.